Sauti ya Kwanza Nyuma ya Mlango

Kanisa lilimtenga Asnath Jumapili, na kwaya ikamtaka Alhamisi.

Jumapili hiyo, mwanzoni mwa mwezi wa tano mwaka wa tisini na nne, mwinjilisti alisoma jina lake katikati ya matangazo, baada ya mkutano wa akina mama na kabla ya ng'ombe mwenye baka aliyepotea. Akasema binti huyu amevunja amri ya sita, usizini, kwa kuzaa bila ndoa. Basi asikaribie meza ya Bwana, asivae joho la kwaya, akae benchi la nyuma mpaka wazee wa kanisa watakapoona ametubu na kumrudisha kundini. Mtoto naye hatabatizwa mpaka siku hiyo. Mtoto mwenyewe, wa wiki sita, alikuwa ananyonya. Hakusikia, au alisikia akaona hayamhusu.

Jina la Gasto halikusomwa. Gasto hakuwa muumini wa usharika ule. Alikuwa dereva wa lori la alizeti aliyepita na mavuno ya mwaka uliotangulia, na sasa habari zilisema yuko Sekenke anachimba dhahabu, maana siku hizo za ruksa, serikali ilipolegeza kamba za biashara, kila mwenye sururu alijiona tajiri wa kesho. "Mtu asiye zizini utamtoaje zizini?" waliuliza wazee, na swali lao likawa ndilo jibu.

Asnath hakulia kanisani. Alilia Jumanne, mchana, akipepeta mtama, alipojikuta anaimba.

Tangu ana miaka kumi na minne alikuwa akisimama mstari wa mbele, wa tatu kutoka dirishani, akiimba sauti ya kwanza. Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa, na mstari ule ukawa sekondari yake. Hakuwa na sura ya kugeuza watu shingo. Kwao hakukuwa na ng'ombe, na baba alikwisha kufa zamani. Alikuwa na ile sauti. Ilipopanda, wazee walioanza kusinzia walijikohoza, na watoto waliacha kukwaruza sakafu kwa vidole vya miguu.

Alhamisi, Mwalimu Melkizedeki, kiongozi wa kwaya, aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa tembe lao.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yupo?"

Esta, mama yake Asnath, alitoka akipangusa mikono. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyefua na kupiga pasi nguo za Wamisionari miaka kumi na minane, na mpaka leo alimtazama mtu kama anayetafuta doa.

"Mama Asnath, nimetumwa," alisema Melkizedeki. "Yule Christopher wa duka la kanda mjini anakuja Jumamosi na mashine yake. Anatutengenezea kanda. Anautaka ule wimbo wetu wa Pasaka, ule wa kupanda."

"Si mnaye Febronia. Binti wa Mzee Andrea, ana joho, hajazaa."

"Febronia anaimba vizuri."

"Basi aimbe."

"Anaimba vizuri mpaka pale pa kupanda. Pale pa kupanda, mama, anakuwa kama mbuzi aliyekanyagwa mguu."

Asnath alicheka, kisha akajutia kicheko chake, akamweka mtoto bega la pili.

Melkizedeki alishusha sauti. "Tumekaa na wazee. Tumeona hivi. Aliyetengwa ni mtu. Sauti haikutajwa."

"Sauti haikutajwa!" Esta alishika kiuno. "Kwa hiyo siku mnamtenga, sauti yake ilibaki wapi? Juu ya dari na popo?"

"Mama, usinifanyie hivyo. Mimi ni mjumbe tu. Kwenye kwaya hawezi kusimama, hilo haliwezekani. Lakini anaweza kusimama sakristia, nyuma ya madhabahu, mlango ukaachwa wazi kidogo. Sauti itoke, yeye abaki. Mchungaji yuko safarini, hatutamsumbua."

"Na jina?" aliuliza Asnath.

"Jina lako litaandikwa kwenye kanda. Na kanda ikitoka tu, Mzee Andrea ameahidi kwa kinywa chake, unarudi kundini na mtoto anabatizwa siku hiyohiyo."

Esta alitaka kusema neno, lakini alikwisha kuona uso wa binti yake. Ulikuwa uso wa mtu aliyekaa na kiu akasikia maji yanamiminwa chumba cha pili.

Jumamosi walirekodi alfajiri, kabla upepo haujaamka, kwa kuwa upepo wa Singida ukishaanza hauachi bati wala hauachi wimbo. Christopher alikuja na redio kubwa ya milango miwili, betri ya gari na kinasa sauti kimoja, akakitundika kwenye kamba katikati ya kanisa. Alikuwa kijana wa mjini, shati lake la mitumba limenyooka, anatafuna kijiti.

Sakristia ilikuwa na meza, kanzu ya mchungaji kwenye msumari, na dirisha dogo. Asnath alisimama humo na mtoto mgongoni. Mara ya kwanza mlango ulifungwa, na Christopher akasema hasikii kitu. Mara ya pili ulifunguliwa wote, akasema sasa anasikia yeye tu, wengine wote wamekuwa mbu. Mwisho Melkizedeki alichukua kitabu cha nyimbo akakiweka chini, kikauzuia mlango kiasi cha upana wa kiganja. Kwenye upenyo ule Asnath aliona bega moja la Febronia, na joho jeupe ambalo zamani lilikuwa lake yeye Asnath, maana alilitambua kwa pindo alilolishona mwenyewe.

Aliimba. Pale pa kupanda alifumba macho, na kwa muda huo mfupi mlango haukuwapo. Mtoto hakulia. Alikuwa ameweka shavu mgongoni mwa mama yake kama anayesikiliza mtungi unavyojaa.

"Hiyo!" Christopher alipiga makofi. "Huyo nani huko ndani?"

Melkizedeki akasema, "Twende wimbo wa pili."

*

Jioni tatu kwa wiki, saa kumi, Asnath alikwenda darasa la jioni kwenye shule ya msingi. Walikuwa watu wazima kumi na mmoja wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mwalimu wao, Jenifa, alikuwa mwanamke mchangamfu aliyeamini kwamba Kiingereza hakiumi, na mwezi ule aliwaambia kila mmoja alete maandishi ya Kiingereza kutoka nyumbani ayageuze Kiswahili. Wengi walileta makaratasi ya dawa ya mifugo. Mzee mmoja alileta shati alilovaa, akasimama mbele na kutafsiri kola yake: lifuliwe kwa maji ya uvuguvugu, lisikamuliwe. Darasa likacheka mpaka likalia.

Asnath alileta jalada la santuri. Mke wa Mmisionari alipokuwa akirudi kwao alimwachia Esta boksi la santuri, na kicheza santuri kilipokufa yalibaki majalada tu. Hili lilikuwa na picha ya mwanamke mweusi aliyevaa gauni refu, mikono imeshikana tumboni, na nyuma kulikuwa na habari za maisha yake. Asnath alipokuwa mdogo aliisikia sauti ya mwanamke yule ikitoka sebuleni wakati mama yake anapiga pasi jikoni. Alidhani wakati huo kwamba ni Mmarekani mweupe. Hakujua kama kuna wengine.

Ilimchukua wiki nne, neno kwa neno, na kamusi ya Mwalimu Jenifa iliyokosa kurasa za herufi ya mwisho. Jioni ya wiki ya nne alisimama akasoma.

Lavinia Prewitt alizaliwa kusini mwa Amerika, mama yake akiwa amezaliwa mtumwa. Mama huyo alikuwa anafua nguo za watu. Lavinia aliimba kanisani akiwa na miaka sita, amesimamishwa juu ya sanduku ili aonekane. Bibi mmoja wa nyumba walizozifulia alimsikia akamtafutia nafasi katika shule ya muziki huko kaskazini. Asubuhi alifagia ukumbi, mchana aliimba katika ukumbi uleule alioufagia. Akavuka bahari. Ulaya walimwita kwa jina, wakamtupia maua, mfalme mmoja alimwomba arudie wimbo.

"Kisha akarudi kwao," alisoma Asnath.

"Kwa nini arudi?" aliuliza mzee wa shati.

"Kwao ni kwao, mzee wangu."

Nyumba kubwa ya kuimbia, huko kwao, ilimwambia sauti anayo lakini nafasi hakuna. Nafasi zilizokuwapo zilikuwa za malkia na binti za wafalme, na watu hawatakubali. Miaka mingi ikapita. Kisha wakampa nafasi moja, ya ndege. Ndege wa msituni anayeimba nyuma ya miti ya kuchora, ambaye watazamaji hawamwoni, kwa kuwa ndege hahitaji uso. Aliimba ndege misimu mitatu, akiingilia mlango wa jikoni.

Alipozeeka kidogo akaingia kwenye sinema. Alicheza sinema kumi na moja, na zote kumi na moja alikuwa mtumishi wa ndani. Katika moja anafungua mlango, anasema, "Ndiyo, bibi," anaufunga. Na katika nyingine, mwigizaji mweupe anasimama karibu na dirisha anaimba, midomo inacheza, lakini sauti ni ya Lavinia. Jina lake halikuandikwa popote mwisho wa sinema ile. Alifariki akiwa anafundisha watoto kuimba katika chumba cha kupanga, na aliyeyajua yote hayo ni mtu mmoja tu aliyekuja kuyaandika kwenye jalada miaka ishirini baadaye.

Nje upepo ulikuwa unapiga kamba kwenye mlingoti wa bendera.

"Swali langu," alisema Mwalimu Jenifa. "Kwa nini alikubali?"

"Njaa," alisema mmoja.

"Alipenda kuimba. Mwenye kipaji ukimnyima atajiimbia hata kisimani."

"Labda," alisema Asnath taratibu, "walimwahidi kitu."

Nyumbani alimsomea mama yake. Esta alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua choroko. "Na mama yake alikuwa anafua?"

"Anafua, mama."

"Basi sabuni ni moja," alisema Esta.

*

Kanda ilitoka mwezi wa saba. Iliingia kijijini kwa mkono wa mtu aliyetoka gulioni Sepuka, na kabla ya jua kuzama ilikwisha kupigwa kwenye redio tatu. Ilikuwa na karatasi ya rangi. Katikati ya karatasi alisimama Febronia, uso umeinama kidogo, joho jeupe. Chini ya picha: Mwimbaji kiongozi, Febronia Andrea. Asnath aliigeuza karatasi, akaigeuza tena. Aliisoma kama alivyosoma jalada la Lavinia, neno kwa neno, mpaka pale palipoandikwa marufuku kunakili.

Alimkuta Melkizedeki anaziba pancha.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi sionekani."

"Marahaba. Huonekani wapi?"

"Mwalimu."

Melkizedeki aliweka tairi chini. "Asnath, mdogo wangu, nitazame. Kanda ya kanisa itaandikwaje jina la aliyetengwa? Watu wangesema nini? Ungekuwa umeshajirudi ingekuwa jambo jingine."

"Mlisema nitarudi kanda ikitoka. Imetoka."

"Hilo liko kwa Mzee Andrea."

Mzee Andrea alikuwa mtu mnene mwenye mashine ya kukamua alizeti, mmoja wa wale ambao ruksa iliwakuta wameshasimama mlangoni. Alimpokea Asnath vizuri, akamwita mwanangu, akaagiza apewe kiti.

"Utarudi," alisema. "Nani amekataa? Lakini fikiri mwenyewe kwa akili yako ya darasa la jioni. Ukirudi leo, Jumapili utasimama kwenye kwaya. Utafungua kinywa. Watu watakusikia, kisha watatazama kanda. Wataniuliza mimi mzee wa kanisa nina binti wangapi." Alicheka kwa pua. "Kuna tamasha la kwaya mjini mwezi wa tisa. Kanda imetufanya tualikwe. Utuimbie huko, vilevile kama mwanzo, nyuma. Jumapili inayofuata unarudi, mtoto anabatizwa, mchungaji nimeshamwambia. Neno langu."

"Neno lako la kwanza liko wapi, baba?"

"La kwanza ndilo hilihili. Limechelewa tu."

Angeweza kukataa. Alitembea njia nzima akijiambia atakataa. Lakini mtoto alikuwa na miezi minne sasa, anacheka na kila mtu, na wanawake kisimani walikuwa wanamchukua, wanambusu, kisha wanauliza, "Jina lake la ubatizo nani?" huku wakijua hana. Mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki moja naye alikufa kwa homa mwezi wa sita, na alizikwa na mchungaji, na nyimbo, na jina. Asnath alikuwa amesimama pembeni ya kaburi lile na wazo moja ambalo hakumwambia mtu.

Akaenda mjini.

Ukumbi ulijaa. Nyuma ya kwaya walitundika kitambaa cha zambarau chenye msalaba, na nyuma ya kitambaa waliweka boksi la ngoma, na juu ya boksi alikaa Asnath na mtoto. Aliona visigino vya wenzake. Alivijua vyote, hadi chenye ufa. Wimbo ulipofika pale pa kupanda akasimama, akaimba, na ukumbi ukashtuka, akausikia ukishtuka, kama mtu anayesikia harusi yake kutoka nyumba ya jirani. Watu walipiga vigelegele. Waliita, "Febronia! Febronia!"

Baadaye alisikia sauti ya mwanaume, mtu wa redio mpya ya watu binafsi kutoka Dar es Salaam. "Dada, umejifunzia wapi kuimba namna hiyo?"

"Sikujifunza," Febronia alijibu upande wa pili wa kitambaa, karibu kiasi kwamba Asnath angeweza kumgusa. "Ni kipaji tu. Mungu mwenyewe."

Walipomaliza, Febronia alipita nyuma na chupa ya soda. Alikuwa msichana mpole kwa kweli, wa miaka kumi na tisa, jasho limemharibia poda.

"Kunywa, dada. Una mtoto wa kunyonyesha."

"Asante."

"Mimi sikuomba, unajua. Baba ndiye…"

"Hukuomba," alisema Asnath. "Ulipokea tu."

Febronia aliangalia kisigino chake. "Hata wewe ulipokea, dada," alisema, na akaondoka.

*

Jumapili iliyofuata Esta alimvalisha mjukuu wake kigauni cheupe alichokipiga pasi mara mbili. Mwinjilisti aliweka maji ya ubatizo kwenye beseni la enamel, ya uvuguvugu, kwa kuwa asubuhi ilikuwa na baridi. Asnath alitoka benchi la nyuma, mtoto kifuani, akatembea katikati ya kanisa mpaka mbele. Kila mtu alijua namna inavyokwenda. Aliyetengwa husema sentensi moja, nimevunja amri ya sita, naomba msamaha. Mchungaji husoma ukurasa wake. Watu huimba ubeti mmoja. Mambo yamekwisha.

"Dada Asnath," alisema mchungaji, "unasema nini mbele za Mungu na mbele ya usharika huu?"

"Nimevunja amri ya sita. Naomba msamaha kwa Mungu na kwenu."

Mchungaji alianza kufunua ukurasa.

"Na ya nane," alisema Asnath.

Mchungaji aliinua macho. Katika usharika ule amri zilikuwa kumi kama kwingine, lakini watu walitengwa kwa moja tu. Tangu kanisa lijengwe hakuna aliyewahi kuleta ya nane.

"Usimshuhudie jirani yako uongo," alisema Asnath. Sauti haikutetemeka, ilikuwa imezoea mahali pale. "Baba mchungaji, kwenye kanda ile anayeimba juu ni mimi. Nilisimama sakristia, mlango umezuiliwa na kitabu. Na mjini nilikaa nyuma ya kitambaa. Nilijua ni uongo, nikauimba, kwa sababu niliahidiwa. Natubu hilo pia."

Mzee Andrea alisimama. "Binti! Hii ni siku ya kutubu, siyo ya kushtaki watu!"

"Sijamshtaki mtu, baba. Nimejitaja mwenyewe."

Kwenye mstari wa mbele Febronia aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikazama kwenye joho. Melkizedeki alikuwa anahesabu mbao za dari. Mchungaji alitazama kitabu chake muda mrefu, kama anayetafuta ukurasa ambao haukuchapwa, kisha akakifunga.

"Jambo hili linarudi barazani," alisema. "Limetaja watu. Kurudishwa kumeahirishwa. Na ubatizo pia, mpaka baraza litakapokaa."

Mwinjilisti alichukua beseni, akatoka nalo kwa mlango wa pembeni, na kanisa zima likasikia maji yakimwagika chini ya mwarobaini.

Esta hakungoja ibada imalizike. Alisimama, akapita kati ya benchi, akatoka.

Asnath alimkuta njiani, mbali, anatembea kama anayefukuzwa. "Mama."

Esta aliongeza mwendo.

"Mama, nisubiri."

Esta aligeuka. "Ungesubiri mtoto aguswe na maji! Dakika mbili, Asnath! Maji yalikuwa pale! Angebatizwa kwanza, ndipo ungesema hayo yako, wangekutenga wewe milele, lakini yeye angekuwa ndani!" Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyajali. "Jina lako umelipata? Haya. La mtoto liko wapi?"

Asnath alijua ni kweli. Alikuwa ameliona beseni. Alikuwa ameliona mvuke mwembamba wa uvuguvugu ukitoka, na bado mdomo wake ulisema na ya nane. Kama angengoja dakika mbili asingesema kamwe, hilo nalo alilijua, lakini ni jambo gumu kumweleza mama aliyepiga pasi mara mbili.

Walikaa juu ya mawe makubwa kando ya njia, kila mmoja jiwe lake. Upepo ulikuwa umeanza. Watu waliotoka kanisani walipita upande wa pili wa njia, wanasalimia kwa kichwa. Wa mwisho alikuwa Bibi Dorkas, mjane wa jirani, na fimbo yake. Yeye alisimama.

"Shikamoo, bibi," alisema Asnath.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umetuchelewesha, ugali wa watu umelala."

"Nisamehe, bibi. Nilitaka mjue."

"Tujue nini?"

"Kwamba ni mimi niliyeimba."

Bibi Dorkas aliegemea fimbo akamtazama vizuri, kama anayehakikisha hatanii. "Mjukuu wangu, mimi macho yamekwisha, lakini masikio ninayo. Nilijua siku ileile mwanangu alipoleta kanda nyumbani. Mke wa mchungaji anajua. Yule wa kuuza chumvi gulioni anajua. Nani hapa asiyeijua sauti yako? Umeimba ukichunga mbuzi za watu tangu una meno ya utoto."

"Mlijua?"

"Sote."

"Na hakuna aliyesema."

"Tuseme nini? Kanda ilikuwa nzuri. Ilikuwa na jina la kijiji chetu. Na Mzee Andrea ndiye anayetukamulia alizeti." Bibi alisukuma kijiwe kwa ncha ya fimbo. "Hata wewe ulikaa kimya miezi minne."

"Mimi niliahidiwa, bibi."

"Ndiyo, ulikuwa na sababu," alisema Bibi Dorkas. "Sisi tulinyamaza bure."

Esta alifuta uso wake kwa pindo la khanga. "Mama Dorkas," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "baraza likikaa, utakuja kuyasema hayo mbele ya wazee? Kama ulivyoyasema hapa?"

"Mimi?"

"Wewe."

Bibi Dorkas alitazama juu, upande wa jua, akatazama njia. "Ng'ombe wangu hawajanyweshwa," alisema. Akachukua fimbo yake akaenda, na kwa mtu wa umri wake alikwenda upesi sana.

Esta alimsindikiza kwa macho mpaka khanga yake ilipopotea kati ya mabua ya mtama. Kisha alisimama, akaja kwenye jiwe la binti yake, akanyoosha mikono miwili.

"Nipe nimbebe," alisema. "Wewe umechoka."